Daktari Cicely Williams na Neno la Akina Mama wa Accra

Ndugu mhariri aliponitaka niandike habari za mtu mmoja mashuhuri aliyekwisha fariki, ambaye maisha yake yangewafaa wenzangu tuliomaliza zamani na wadogo zetu walioko madarasani sasa, nadhani alitazamia nimwandike mwanasiasa au mwanajeshi. Mimi nimemchagua daktari wa watoto. Sababu yangu ni neno moja ambalo kila aliyesoma biolojia amelinakili daftarini mwake: kwashakoo. Tulilinakili pamoja na mchoro wa mtoto aliyevimba miguu na uso, tukaliandika katika mtihani, kisha tukalisahau. Wengi hudhani ni neno la Kilatini au Kigiriki kama mengine ya daftari lile. Sivyo. Ni neno la lugha ya Ga, lugha ya wenyeji wa Accra, na aliyelipokea kwa akina mama wa huko akalipeleka katika vitabu vya madaktari ni bibi aitwaye Cicely Delphine Williams.

Alizaliwa tarehe 2 Desemba 1893 huko Kew Park, katika kisiwa cha Jamaica. Ukoo wake ulikuwa wa Wazungu wenye mashamba makubwa waliokaa kisiwani humo kwa vizazi vingi, na baba yake alikuwa mkuu wa elimu wa kisiwa. Husimuliwa kwamba Cicely alipokuwa bado mtoto mdogo, baba yake alimtania kuwa huenda asipate mume, hivyo heri asomee udaktari. Kweli hakuolewa maisha yake yote, na udaktari aliupata, ila kwa njia ndefu. Alipofika umri wa miaka 13 alipelekwa Uingereza kusoma. Alipokuwa na miaka 19 alipewa nafasi katika Chuo cha Somerville, Oxford, lakini ikambidi arudi Jamaica kuwasaidia wazazi wake baada ya kisiwa kupatwa na maafa. Baba yake alifariki mwaka 1916. Ndipo binti huyo akarudi Oxford akiwa na miaka 23, umri ambao wenzake wengi wamekwisha kuhitimu.

Nawaomba wadogo zetu wa kike walishike hili. Mlango wa masomo ya udaktari ulikuwa mwembamba mno kwa wanawake siku zile, na kama ulifunguka kidogo ni kwa sababu vijana wa kiume walikuwa vitani, na madarasa yalikuwa matupu. Hata digrii zenyewe, chuo hicho kilianza kuwapa wanawake mwaka 1920 tu. Bibi Williams alimaliza mafunzo yake London, katika Hospitali ya King's College, mwaka 1923. Kwa wakati huo vita ilikuwa imekwisha, wanaume wamerudi, na kazi za hospitali zilikuwa zao kwanza.

Alipata nafasi katika hospitali ya watoto ya mtaa wa Hackney, mashariki ya London, mahali pa watu maskini. Akakaa miaka miwili. Huko ndiko alikoamua kuwa daktari wa watoto, na huko ndiko alikojifunza kuwa daktari asiyejua mtoto analala wapi, anakula nini na nani anamlea, anatibu nusu ya ugonjwa. Baadaye alikwenda Ugiriki kuwahudumia wakimbizi, kisha akasoma magonjwa ya nchi za joto huko London, huku akiisumbua ofisi ya makoloni impe kazi. Mwaka 1929 wakampa. Alipelekwa Gold Coast, nchi ambayo leo ni Ghana, kwa cheo cha Daktari wa Kike wa Serikali. Cheo hicho kilikuwa na mshahara mdogo kuliko wa daktari mwanamume wa kazi ile ile.

Sasa nifike mahali penyewe, maana miaka saba ya Gold Coast ndiyo iliyomfanya ajulikane.

Kazi aliyopewa ilikuwa ya kuwaangalia watoto wachanga na mama zao. Kwa kawaida za serikali ya wakati ule, kliniki ya kuwapima na kuwashauri ilikuwa chini ya mkuu mmoja, na hospitali ya kuwatibu wagonjwa chini ya mkuu mwingine. Bibi Williams hakuweza kuukubali mgawanyo huo. Mama anapokuja na mtoto mwenye homa, huwezi kumwambia kuwa hapa tunapima uzito tu, mpeleke kwingine. Basi akatibu huku akishauri, na alipopewa wadi ya watoto katika Hospitali ya Princess Marie Louise mjini Accra, aliwaacha akina mama wakae na watoto wao. Alimwandikia kila mtoto kadi yake, akawatuma wauguzi majumbani, akaanza kujifunza maneno ya wenyeji ili azungumze nao.

Katika wadi hiyo aliona ugonjwa ambao hakuukuta Hackney. Watoto wake walikuwa wa kuanzia mwaka mmoja hadi kama minne. Walikuwa wamevimba miguu, mikono na uso, hata mtu asiyejua angeweza kudhani wamenenepa. Nywele zao zilikuwa zimepoteza weusi, zimekuwa nyepesi na za rangi ya kutu. Ngozi ilikuwa na mabaka meusi yanayobanduka kama rangi ya ukuta mbovu, na chini yake pabichi. Mimi nimewauguza watoto wa namna hiyo, na naweza kusema kwamba kinachomsumbua mwuguzi kuliko vyote ni jinsi mtoto anavyonuna. Hataki kucheza, hataki chakula, hataki hata kushikwa. Huko Accra walikuwa wakifa karibu wote wasipotibiwa, na madaktari wengine walikuwa wakiandika kwamba ni minyoo, au kaswende ya kuzaliwa nayo, au malaria.

Yeye hakuridhika. Watoto waliokufa aliwapasua mwenyewe ili aone ndani kuna nini, na akakuta ini limejaa mafuta. Siku moja katika kazi hiyo alijikata, vijidudu vikaingia katika damu, akaugua sana hata akakaribia kufa. Dawa za kuua vijidudu kama tulizo nazo leo zilikuwa hazijapatikana. Alipopona alirudi kazini.

Lakini jibu halikutoka katika kisu. Lilitoka kwa akina mama. Aliwauliza wanauitaje ugonjwa huu, na wakamwambia: kwashakoo. Aliwauliza maana yake, wakamweleza kuwa ni ugonjwa wa mtoto aliyeondolewa mahali pake, yule aliyetangulia, mwingine anapozaliwa. Tazameni jinsi neno moja lilivyobeba habari yote. Mtoto ananyonya, mama anapata mimba, mtoto anaachishwa ziwa ghafula na kupewa uji wa mahindi mchana na usiku. Maziwa ya mama yalikuwa yakimpa kila kitu, uji ule haumpi sehemu kubwa ya anachohitaji ili akue. Kumbe wanawake wa Accra, bila darubini wala maabara, walikuwa wamekwisha kuona ni mtoto gani anayeugua, anaugua lini na kwa sababu gani.

Huku kwetu nako wazee waliliona jambo hilo. Waganda walikuwa na jina lao, obwosi, la mtoto anayeugua kwa kuwa mama yake ana mimba nyingine. Waswahili husema mtoto amebemendwa. Nakiri silipendi neno letu hili linavyotumiwa, ingawa limetokana na kuona kwa macho. Lenyewe huwatupia wazazi aibu ya kuvunja mwiko, na mama mwenye aibu humficha mtoto ndani mpaka miguu imevimba kabisa. Neno la akina mama wa Accra halimtii mtu aibu. Linaeleza tu kwamba mtoto amepoteza nafasi yake.

Mwaka 1933 Bibi Williams aliandika habari hizo katika jarida la madaktari wa watoto la Uingereza, Archives of Disease in Childhood. Aliandika kwa hadhari. Alisema ugonjwa unaambatana na chakula cha mahindi, na kwamba huenda kinachokosekana ni protini au sehemu zake. Aliandika pia kwamba watoto waliowahiwa mapema walipona kwa kupewa maziwa ya kopo na mafuta ya ini la samaki. Mwaka uliofuata akajibiwa na bwana mkubwa wa elimu hiyo, Hugh Stannus, aliyewahi kufanya kazi Nyasaland, ambayo sasa ni Malawi. Stannus alishikilia kuwa hapana ugonjwa mpya hapo, ni pelagra tu, ugonjwa wa wala mahindi uliokwisha kujulikana.

Bibi Williams alikuwa na hoja. Mabaka ya pelagra hutokea mahali panapopigwa na jua, kama shingoni na nyuma ya viganja. Watoto wake walikuwa na mabaka hata mahali palipofunikwa, mahali panaposuguliwa na kulaliwa. Mwaka 1935 akaandika tena, safari hii katika The Lancet, na juu ya makala akaliweka lile neno la Ga. Kwa desturi ya zamani ugonjwa hupewa jina la daktari aliyeuandika, na yeye angeweza kuachia uitwe kwa jina lake. Aliupa jina walilompa akina mama.

Hata hivyo kwa miaka mingi wakubwa walimfuata Stannus. Katika vitabu vya Kizungu ugonjwa ukaitwa pelagra ya watoto, na katika wadi nyingi za Afrika watoto wakapewa vitamini za pelagra, ambazo haziwaponyi. Hili ndilo linaloniuma ninaposoma habari zake. Ubishi wa majarida una gharama, na gharama hiyo haikulipwa na wenye kubishana.

Kuhusu Gold Coast, hakudumu. Hakupatana na mkubwa wake wa kazi juu ya lile jambo la kuunganisha kinga na tiba, na mwaka 1936 akahamishwa kwenda Malaya, upande wa pili wa dunia. Alisikitika sana, maana alikuwa ameanza kuelewana na watu wa Accra.

Huko Malaya alifundisha wanafunzi wa udaktari mjini Singapore huku akiendelea na kazi ya mama na mtoto. Tatizo alilolikuta lilikuwa jingine. Watoto wachanga walikuwa wakifa kwa wingi, na alipochunguza akakuta kwamba makampuni ya maziwa yalikuwa yakiwatuma wanawake waliovaa kama wauguzi kwenda kuwashawishi mama wapya kwamba maziwa matamu ya kopo ni bora kuliko ya matiti. Mama akishaacha kunyonyesha siku chache maziwa yake hukauka, kisha fedha ya kopo haipo, anayazimua kwa maji machafu, na mtoto anaharisha mpaka anakufa. Mwaka 1939 alialikwa kusema mbele ya klabu ya Rotary ya Singapore, mbele ya wafanyabiashara wakubwa wa mji. Hotuba yake aliipa jina la Maziwa na Mauaji. Humo aliwaambia waziwazi kwamba propaganda ya namna hiyo yapasa iadhibiwe kama uchochezi wa kihalifu, na kwamba vifo vile vyapasa kuhesabiwa kuwa ni kuua.

Msomaji makini atauliza: si bibi huyu aliyewaponya watoto wa Accra kwa maziwa ya kopo? Ndiye. Na hapo ndipo ninapompenda zaidi. Kopo lile lile ni dawa kwa mtoto wa miaka miwili aliyekosa chakula, tena akiwa mikononi mwa muuguzi, na ni sumu kwa mchanga wa siku kumi ambaye ziwa la mama yake lipo. Hakuwa mtu wa kulipenda kopo wala kulichukia. Alimtazama mtoto aliye mbele yake.

Hotuba hiyo ilikaa karibu miaka 40 bila kuzaa sheria yoyote ya kimataifa. Mwezi Mei 1981 Mkutano Mkuu wa Shirika la Afya Duniani ulipitisha kanuni za kuzuia utangazaji wa maziwa ya badala ya ziwa la mama, na nchi moja moja zikafuata kwa sheria zake. Kenya, kwa mfano, ilitunga ya kwake mwaka 2012. Alikuwa hai kuziona kanuni za 1981, akiwa na miaka 87.

Mwezi Desemba 1941 Wajapani waliingia Malaya. Bibi Williams alikuwa Trengganu, pwani ya kaskazini mashariki, akakimbia kwa kupita mwituni hadi Singapore, na Singapore nayo ikaanguka Februari 1942. Aliwekwa kifungoni katika gereza la Changi pamoja na raia wengine wa Kizungu, akawa daktari wa wafungwa, na kwa muda akawa kiongozi wa kambi ya wanawake. Mwaka 1943 polisi wa kijeshi wa Kijapani, Kempeitai, walimchukua wakimshuku kuwa anapeleka habari nje. Alikaa mikononi mwao miezi kadhaa, akihojiwa, akilala katika kizimba kimoja na watu waliokuwa wakifa. Alipata beriberi, ugonjwa wa kukosa vitamini, ukamwachia ganzi ya miguu maisha yake yote. Vita ilipokwisha mwaka 1945 alikutwa hospitalini, mahututi.

Hata gerezani aliandika. Alichunguza chakula cha wafungwa na magonjwa yake, na baadaye alipenda kuwasimulia wanafunzi wake hesabu moja ya Changi: watoto 20 walizaliwa humo, wote 20 wakanyonyeshwa, na wote 20 wakaishi. Wakati huo mama zao wenyewe walikuwa ngozi na mifupa.

Mwaka 1948 Shirika la Afya Duniani lilipoanza kazi Geneva, yeye ndiye aliyekuwa mkuu wa kwanza wa sehemu ya afya ya mama na mtoto. Hakuzipenda ofisi, na baada ya muda mfupi alikwenda kufanya kazi Asia ya Kusini Mashariki. Lakini katika siku hizo ndipo swali la kwashakoo lilipopatiwa jibu rasmi. Mwaka 1950 wataalamu wawili, Brock na Autret, walitumwa kuzunguka nchi kumi za Afrika kusini ya Sahara. Taarifa yao ya mwaka 1952 ilisema huu ndio upungufu wa lishe mkubwa na ulioenea kuliko wote unaojulikana katika madaktari, na ilitumia jina la akina mama wa Accra. Miaka ipatayo 20 ilikuwa imepita tangu alipowauliza swali lake.

Afrika Mashariki ina sehemu yake katika habari hii. Daktari Hugh Trowell aliyefika Kenya mwaka ule ule wa 1929, kisha akahamia Mulago, Kampala, mwaka 1935, alikuwa akiwaona watoto hao hao na kuhangaika na jina lao. Mwishowe alikubaliana na Bibi Williams, na mwaka 1954 yeye na wenzake wawili wa Mulago, Davies na Dean, walitoa kitabu kizima juu ya kwashakoo. Makerere ikawa mahali ambapo madaktari wa nchi nyingi walikuja kujifunza ugonjwa huu. Mwaka 1959 idara ya magonjwa ya watoto ilipata profesa wake wa kwanza aliyelipiwa na UNICEF, Derrick Jelliffe. Katika miaka ya 1960 kikaanzishwa Mulago kituo cha Mwanamugimu, ambako mama hakai nje ya mlango akingojea mtoto apone. Anakaa ndani, anapika mwenyewe maharage, karanga, ndizi na samaki wa soko lake, na anamwona mtoto wake akivimbua kwa chakula ambacho atakipata nyumbani. Mwanafunzi wa udaktari anayepita pale hujifunza mapishi sawasawa na sindano. Ni yale yale aliyoyaanza Bibi Williams Accra na kuhamishwa kwa ajili yake.

Yeye mwenyewe, baada ya kuongoza uchunguzi wa ugonjwa wa kutapika huko kwao Jamaica mwanzoni mwa miaka ya 1950, aliingia katika kazi ya kufundisha. Alifundisha lishe Chuo Kikuu cha London, na kuanzia 1960 hadi 1964 alikuwa profesa wa afya ya mama na mtoto katika Chuo Kikuu cha Marekani cha Beirut, Lebanon. Wakati huo alikuwa amepita miaka 65, umri ambao wengine wanalea wajukuu. Alikuwa mkali kwa wanafunzi na mkali zaidi kwa maprofesa wenzake. Mafunzo ya udaktari yaliyomweka kijana miaka sita kando ya kitanda cha hospitali, asitie mguu katika nyumba ya mgonjwa hata mara moja, aliyaona kuwa pungufu. Idara ya watoto, kwa maoni yake, ilipaswa kuwa na wadi, kliniki ya kijijini na darasa chini ya paa moja, na profesa mmoja aonekane pote patatu. Alisema hivyo mbele ya watu ambao vyeo vyao vilitegemea mambo kubaki yalivyo, kwa hiyo hakupendwa na wote.

Mwaka 1972 yeye na Jelliffe, yule profesa wa Makerere, walitoa pamoja kitabu cha huduma za afya ya mama na mtoto. Miaka sita baadaye, katika mkutano wa Alma-Ata wa 1978, serikali za dunia zilitangaza afya ya msingi kuwa njia ya kufuatwa na wote. Mzee huyu alikuwa akiifuata kwa miguu tangu 1929.

Sharti niongeze jambo moja la elimu, hasa kwa walioko kidato cha tatu na cha nne ambao vitabu vyao huandika kwamba kwashakoo ni upungufu wa protini, basi. Baada ya 1952 mashirika makubwa yalishika neno protini kwa mikono miwili, yakatumia fedha nyingi kutengeneza unga wa samaki, unga wa soya na maziwa ya unga, kana kwamba mtoto wa Afrika anakosa kitu kimoja tu. Donald McLaren, mtafiti aliyewahi kufanya kazi Mwanza katika miaka ya 1950, kisha akawa mwalimu wa lishe huko huko Beirut, aliandika katika The Lancet mwaka 1974 kwamba mambo yale yalikuwa ni fedheha tupu. Leo tunajua kuwa kisa ni kirefu zaidi. Uchunguzi wa mapacha huko Malawi, uliotolewa mwaka 2013, ulionyesha kuwa katika nyumba moja, kwa chungu kimoja, pacha mmoja huweza kupata kwashakoo na mwenzake asipate, na vijidudu vya matumboni mwao huwa tofauti. Maradhi ya kuambukiza yamo, upungufu wa vitu vingine vidogo vidogo umo. Katika wadi zetu, mtoto aliyevimba huanzishwa kwa maziwa mepesi yenye protini kidogo, pamoja na dawa ya vijidudu, kwa kuwa akishindiliwa protini nyingi siku ya kwanza aweza kufa. Makala ya 1933 ukiisoma leo, haidai zaidi ya kilichoonekana. Waliotia chumvi ni waliokuja baadaye.

Uzee wake aliupitisha Oxford. Alisafiri mpaka alipozidiwa na miguu ile ya Changi, akatoa mihadhara katika nchi nyingi sana, na hakuacha kuwaandikia barua wakubwa wa afya akiwakosoa. Alifariki tarehe 13 Julai 1992 akiwa na umri wa miaka 98. Hati zake zimehifadhiwa London katika maktaba ya Wellcome, nazo ni nyingi: taarifa za Gold Coast, maandishi ya gerezani, hotuba, na barua.

Hospitali ya Princess Marie Louise bado ipo Accra, katikati ya mji, na bado ni ya watoto. Ina wadi ya lishe, na akina mama wanakaa humo na watoto wao.